Kitabu cha Nne, Nyuma ya Duka la Kamba

Tulimzika Doto kwao Didia, Shinyanga, mwezi uliopita. Watu walipoanza kurudi kutoka makaburini kwenda kunawa mikono, pacha wake Kulwa alinishika kiwiko akanivuta pembeni, karibu na sufuria za wapishi wa msiba. Siku ile wageni wengi walikuwa wakikwepa kumtazama, maana ana uso ule ule ambao tulikuwa tumetoka kuufukia. Nilidhani ana neno la mazishi. Akaniuliza, "Shija, ile katuni walishaitoa?" Nikamwambia bado. "Wanasemaje?" Nikamwambia wanasema yale yale ya kila mwaka, kwamba kuna kampuni huko Japani inafikiria, kwamba huenda, kwamba tusubiri. Akaguna, akasema, "Haya," akaenda kuwapokea wazee waliokuwa wakishuka kwenye gari. Kijana mmoja wa ukoo aliyekuwa anachochea moto alinitazama kwa mshangao. Sikuwa na namna ya kumweleza, pale pale, kwa nini mtu aliyetoka kumzika pacha wake anauliza habari za katuni. Nimekuwa nikitafuta maelezo hayo tangu nirudi nyumbani, na kila nikianza najikuta nimerudi kwenye mwaka ule wa Geita, kwenye chumba kilichokuwa nyuma ya duka la kamba.

Sitaeleza nilivyofika Geita. Vijana wa rika langu tulifika kwa njia zinazofanana. Nilikuwa fundi simu, na meza yangu ilikaa barazani mwa duka la vifaa la familia moja ya Kihindi, mtaa wa Kalangalala. Waliuza kila kitu anachohitaji mchimbaji: kamba, tochi za kichwani, buti, sururu, makarai, pampu za maji, mikanda ya mashine. Mzee mwenye duka tulimwita Baba Hetal, kwa jina la binti yake, naye Hetal ndiye aliyeliendesha duka hasa. Alinizidi miaka mitatu au minne, anavaa miwani, na Kisukuma chake kilikuwa kizuri kuliko changu. Wazee kutoka vijijini walikuwa wakiingia na kupatana naye bei kwa Kisukuma huku wakicheka, na wakitoka wanasema yule mtoto kazaliwa hapa, akiugua hata dawa yake itakuwa ya hapa. Saa za mchana, jua likiwa kali na wateja wamepungua, alikuwa ananiita ghala la nyuma tule. Ghala lilinuka mpira mpya na katani. Tulikalia mizingo ya kamba zilizoviringishwa, ambayo ni viti vizuri kuliko mtu anavyodhani, na dirisha lenye wavu lilitazama uani, alikopanda Mama Hetal mtulasi wake, ule mrehani wa Kihindi, kwenye debe. Mama yule alitushushia chakula kutoka ghorofani: wali, dengu, chapati nyembamba ambazo ungeona mkono wako upande wa pili, na achari ya maembe iliyonitoa machozi wiki zote za mwanzo hadi nikaizoea.

Hetal alikuwa msomaji wa riwaya za Kijapani, zile ambazo mashabiki wake wanaziita riwaya nyepesi kwa sababu ni fupi, zina michoro michache ndani, na zinatoka juzuu baada ya juzuu. Alizisoma kwa Kiingereza kwenye kishikwambi kilichopasuka kioo, ambacho mimi ndiye niliyemtengenezea. Ndivyo urafiki wetu ulivyoanza. Nilimuuliza kitu gani hiki anachokisoma hadi anasahau kula, akanitajia jina la kitabu, na jina lenyewe lilikuwa refu kama tangazo la mkutano: *Mchawi wa Mfalme Aliyeacha Vita Akafungua Jiko la Supu Mpakani*. Nikacheka. Akasema, "Cheka, lakini kaa." Akaanza kunisimulia kwa Kiswahili, ukurasa kwa ukurasa, macho yakiwa kwenye kioo. Sijapata kumsikia mtu mwingine akifanya vile. Alikuwa haitafsiri hadithi, alikuwa anaihamisha. Askari wa mfalme walizungumza kama mgambo wa stendi, na malkia aliongea kwa upole ule wa hatari wa mama mkwe. Kuna ndugu wawili katika hadithi ile, Sayo na mdogo wake Mio, wote wachawi. Siku mji wao ulipochomwa moto, Sayo, aliyekuwa mchawi wa mfalme, hakuwepo, alitoweka. Mio akabaki kuwazika wazazi peke yake, akaingia vitani, akawa mkali kuliko wote, huku akimtafuta dada yake nchi nzima ili amuulize kwa nini. Vitabu vitatu vizima ni vita, safari na hasira. Cha tatu kinaishia Mio amesimama mvuani mbele ya mlango wa jiko la supu la dada yake, ameinua mkono kubisha. Halafu mwandishi akanyamaza. Miaka ikapita hakuandika hata mstari.

Doto aliingia katikati ya kitabu cha pili. Alikuwa na karasha, mashine ile ya kusaga mawe ya dhahabu, pamoja na wenzake nje kidogo ya mji, na kelele zake zilikuwa zimemharibia masikio, hivyo alizungumza na kila mtu kama yuko ng'ambo ya mto. Siku ile alikuja kununua mkanda wa mashine. Hetal akamwambia asubiri kidogo, anamalizia jambo. Alikuwa anamalizia vita vya darajani. Doto akasimama mlangoni mwa ghala, mkanda shingoni kama nyoka, akasikiliza hadi mwisho. "Sasa huyo Mio," akasema kwa sauti iliyowashtua hata kuku wa uani, "kwa nini hakumwacha yule jenerali afe?" Hetal akamweleza. Akabisha. Akakaa kwenye mzingo wa kamba ili abishe vizuri. Kesho yake alirudi bila haja ya mkanda, amebeba michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, iliyopikwa na karanga ndani ya kopo la rangi lililosuguliwa hadi likang'aa, akaliweka katikati ya sahani za Mama Hetal kana kwamba ndiyo kiingilio chake. Aliponiuliza jina nikamwambia Shija, alipiga makofi. Kwetu Usukumani mapacha wanaitwa Kulwa na Doto, na anayezaliwa baada yao ndiye Shija. "Basi wewe ni mdogo wangu," akasema. "Mimi Doto." Nikamuuliza Kulwa yuko wapi. Akachota michembe. "Yuko Chato," akasema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ndogo.

Nikitazama nyuma naona kwamba nimewahi kukaa na watu waliosoma sana na nimewahi kusikiliza mijadala iliyoandaliwa, na viti na vipaza sauti, lakini sijaona watu wakikichukulia kitabu kwa uzito kama tulivyokichukulia mle ghalani. Baba Hetal mwenyewe, aliyejidai hapendi upuuzi ule, alikuwa akitupia maswali kutoka kaunta bila kuinua uso. "Huyo mfalme ana askari wote hao, wanakula nini? Sijasikia ghala hata moja." Hetal anamjibu, "Baba, wewe si husikilizi?" Naye anasema, "Sisikilizi. Nauliza tu." Habari ilipokuja kwamba mwandishi ameandika tena, kwamba kitabu cha nne kipo, Hetal aliisoma barazani kwenye simu yangu ya kazi na akapiga yowe. Mteja mmoja akamuuliza, "Dada, kuna msiba?" Akasema hapana, kuna muendelezo. Siku zile zile, kwenye jukwaa la mtandaoni ambako mashabiki wa kitabu kile walikutana kutoka pembe zote za dunia, ukaanza uvumi kwamba hadithi inaweza kutengenezwa anime, yaani katuni ya Kijapani yenye vipindi. Hakuna aliyekuwa na hakika. Watu walipiga ramli kwa kila ishara: mchoraji kaweka picha, mwandishi kapenda picha, basi kuna jambo.

Hapo ndipo Doto alipogeuka akawa mtu mwingine. Kila siku swali lake la kwanza, kabla hata ya salamu kuisha, lilikuwa lile lile. "Dada Hetal, katuni vipi?" Hetal anamwambia mambo bado. "Lakini itatoka?" Anamwambia inategemea, vitabu vinauza vipi, kampuni gani itachukua, kama kitabu cha nne kitapendwa. Doto anataka kujua vipindi vitakuwa virefu kiasi gani. Anataka kujua kama vinaweza kuingia kwenye simu ndogo. Anataka kujua kama mtu asiyejua Kiingereza anaweza kuelewa kwa picha tu. Nilidhani ni ushabiki. Siku moja mvua ilitufungia mle ndani, bati linapiga kelele hata yeye ikambidi asogee karibu, na Hetal akamuuliza moja kwa moja, "Kaka Doto, hii katuni unamtakia nani?" Doto akavunja kipande cha chapati, akakirudisha sahanini. Ndipo akatueleza. Mama yao alipougua kule Didia, yeye ndiye aliyekuwa naye. Alimpelekea Kulwa habari Chato, mara ya kwanza, mara ya pili, kwamba hali ni mbaya, njoo. Kulwa hakuja. Mama akafa akimuulizia. Doto akamzika, na Kulwa alipofika msiba ulikuwa umeshaanuliwa, akakuta turubai limekunjwa. Hawakugombana hata, Doto alimpa mgongo tu, na tangu hapo hawajasemezana. "Huyo Kulwa hana subira ya kusikiliza maneno," akasema. "Ila picha anatazama. Hata zisizo na maana anatazama. Nikimtumia hiyo katuni, ataona Mio anamtafuta dada yake. Ataelewa. Sitahitaji kusema neno."

Mpaka leo namheshimu Hetal kwa jibu lake. Mtu mwingine angempoza. Yeye alifuta miwani yake kwa pindo la mtandio, akasema, "Kaka, inaweza isitoke kabisa. Wajapani hawakujui wewe wala Kulwa. Utasubiri mpaka lini watu wa Japani wakuongelee na ndugu yako?" Doto akacheka kicheko kifupi, akasema, "Mimi siwezi kusimulia, mimi ni mtu wa karasha." Hetal akasema, "Jana ulinisahihisha mara ngapi? Hadithi unayo yote kichwani."

Yangeishia hapo ingekuwa rahisi. Lakini kitabu cha nne kilifika, Hetal akaanza kutusomea, na tukagawanyika. Kitabu kizima kinatokea ndani ya jiko lile la supu. Mio anabisha, Sayo anafungua, anamkaribisha ndani, anamkausha nywele, anakatakata vitunguu. Hakuna vita. Hakuna uchawi isipokuwa moto wa jiko. Ni ndugu wawili wanazungumza, na mara nyingi hata hawazungumzi. Kule jukwaani mashabiki walikuwa wanarushiana maneno. Wengine walisema mwandishi kachoka, wengine wakasema kaharibu kila kitu, na kwamba sasa matumaini ya anime yamekufa, maana kampuni gani itachora saa nzima ya watu wanaomenya vitunguu? Mimi niliona wana hoja. Hetal alisema hapana, hiki ndicho kilichofanya vile vitatu viandikwe. "Kuchora vita ni rahisi," alisema. "Wachore mtu anayetaka kusema pole na mdomo umekataa. Wakiweza hicho, hiyo ndiyo anime." Baba Hetal akasema kutoka kaunta kwamba angalau sasa kuna chakula.

Doto alivumilia kurasa chache. Ilipofika pale Sayo anapoweka bakuli mbele ya mdogo wake na Mio, yule Mio aliyewachoma majenerali, anachukua kijiko na kuanza kula, Doto alisimama. "Anakula?" akasema. "Hajamuuliza kitu, anakula?" Hetal akamwambia, "Subiri, anaelekea kumuuliza. Kule jukwaani wanasema ukurasa unaofuata Sayo anaeleza kwa nini aliondoka." Doto akasema hataki maelezo. Akasema mwandishi huyu hajawahi kuzika mtu peke yake, hajui. Akasema wasiitengeneze hiyo katuni, bora isitoke. Aliondoka na kopo lake la michembe likiwa halijafunguliwa, akipita katikati ya wateja bila kumwamkia hata Baba Hetal, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Nilimtazama Hetal nikadhani ataendelea kunisomea mimi. Akazima kishikwambi. "Tunamsubiri," akasema. "Si heshima kwenda mbele bila yeye."

Tulisubiri muda mrefu, na kusubiri kwenyewe kulikuwa na uchungu kwa sababu tayari ilikuwa imeamuliwa kwamba mwaka ukiisha familia ya Hetal inahamia Mwanza na bidhaa zake, na jengo linachukuliwa na jamaa yao. Mizingo ya kamba ikaanza kupungua. Mama Hetal akaanza kuvifunga vyombo kwa magazeti, ila sahani tatu za mchana hazikufungwa. Jukwaani Hetal alikuwa anakitetea kitabu cha nne kila siku, ingawa hajakimaliza, na asubuhi alinisomea majibu barazani huku nafungua simu za watu. Mtu wa Brazili alikubaliana naye. Mtu wa Ufilipino alimwita mjinga, kisha akaomba radhi. Nilimuuliza kama yeye mwenyewe ameshausoma ukurasa ule unaofuata. Akasema hapana, na kwa jinsi alivyokilaza kishikwambi kifudifudi nilijua ni kweli, na kwamba ilimgharimu. Nikaenda karashani kumtafuta Doto. Wenzake wakaniambia, kwa kunipigia kelele sikioni, kwamba ameenda Chato. Kufanya nini? Hawajui. Kachukua nguo chache.

Alirudi siku ambayo lori la kuhamisha mizigo lilikuwa tayari limeegeshwa mbele ya duka. Nilikuwa nabeba makarai nikaona watu wawili wanavuka barabara, na kwa dakika nzima nilidhani jua limenichezea, maana alikuwa Doto mara mbili. Yule wa pili alikuwa mwembamba zaidi, na mfuko wake wa dagaa ulitangulia kwa harufu. Walifika barazani. Kulwa akasema, "Shikamoo, Mzee," kwa Baba Hetal, akaitikiwa, "Marahaba, karibu," kisha akamgeukia Hetal bila kupoteza muda. "Dada, samahani kwa usumbufu. Huyu amenisimulia hadithi, ya kwanza mpaka ya tatu. Ameisimulia vizuri, nimesikiliza siku zote nilizokuwa naanika dagaa. Halafu nikamuuliza, yule dada mtu kwa nini aliondoka? Ananiambia hajui. Nikamwambia hujui vipi? Ananiambia alitoka kabla." Doto alikuwa anatazama lile lori. "Sasa tumekuja kusikia," Kulwa akasema.

Ghala lilikuwa karibu tupu. Ilibaki mizingo miwili ya kamba nene, mapacha wakakaa juu yake, mmoja huku mwingine kule, mimi nikakalia karai nililoligeuza. Mama Hetal alishuka mwenyewe na chakula, akaona nyuso zile mbili, akarudi kuongeza sahani. Baba Hetal aliwaambia wapakiaji wapumzike kwanza, halafu akaja kusimama mlangoni, na safari hii hakujidai kuwa na kazi nyingine. Hetal akakiwasha kishikwambi. Alianza nyuma kidogo, kwenye mvua na mlango, ili Kulwa asipotee. Akasoma vitunguu. Akasoma bakuli. Nilimwona Doto akikaza taya pale kijiko kilipoinuliwa, lakini alikaa. Kisha Hetal akafungua ukurasa ambao sote hatukuujua, hata yeye, na sauti yake ikapunguza mwendo. Mio anamuuliza dada yake kwa nini hakuwepo. Sayo anasema nilikuwepo. Anasema nilirudi siku ile ile, nikafika hadi darajani, nikaona moshi, nikajua kilichokuwa ng'ambo. Niliiambia miguu yangu ivuke, ikakataa. Nilisimama pale hadi moshi ulipoisha, kisha nikageuka, na tangu siku hiyo napika kwa ajili ya yeyote anayevuka mpaka.

Hetal akainua macho kutoka kwenye kioo. Uani kuku alikuwa anaparua chini ya mtulasi. Kulwa alikuwa ameinama, viwiko magotini, anatazama sakafu ya saruji.

"Mimi nilifika stendi ya hapa Geita," akasema.

Doto hakugeuka. Kwa masikio yake yale, nilidhani hakusikia. Halafu akasema, kwa ile sauti yake ndogo, "Lini?"

"Siku ile ile uliyoniita mara ya pili. Nilishuka nikatafuta gari la Shinyanga. Nikalipata. Kondakta ananiambia kaka panda, tunaondoka. Nikaona nikifika nitamkuta mama amelala namna ile ulivyoniambia, na atanitazama. Nikakaa kwenye benchi. Gari likaondoka. Nikakaa mpaka la Chato likajaa, nikapanda hilo."

Baba Hetal, aliyekuwa na swali kwa kila jeshi na kila ghala katika vitabu vitatu, hakuuliza chochote. Doto alitazama mikono yake kwa muda mrefu, ile mikono iliyojaa vumbi la mawe ambalo haliishi hata kwa sabuni. Kisha akasogea kwenye mzingo wake, akaacha nafasi, akaupigapiga kwa kiganja kama anavyofanya mtu anayekung'uta mahali mgeni akae. Kulwa akanyanyuka akahamia pale. Mabega yao yalibanana, maana kamba haikuwa pana.

"Dada Hetal," Doto akasema, akiwa amerudia sauti yake ya karashani, "endelea kusoma."